Mwenye Jibu Hajafika

Somo nililolipika vizuri kuliko yote maishani mwangu liliharibiwa na boti. Nasema kulipika, na mwalimu yeyote aliyefanya staji, yaani mazoezi ya kufundisha, upande wetu huu wa ziwa anaelewa. Mkaguzi akishatangaza siku ya kuja kukutazama, wewe mwanafunzi wa ualimu unalifundisha lile somo siku moja kabla, kwa darasa lilelile, swali kwa swali, na kila mtoto unamgawia jibu lake. Kesho yake mnalirudia mbele ya mgeni kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Watoto wanashangaa pale pa kushangaa, wananyoosha mikono pale pa kunyoosha, mkaguzi anaandika kwamba darasa lina uhai, na kila mtu anakwenda kula.

Msinicheke. Ile ilikuwa staji yangu ya pili. Ya kwanza nilianguka, na chuoni kwetu kurudia ni mara moja tu. Ukianguka tena unafunga vitabu vyako unarudi nyumbani. Na nyumbani kwangu ni kwa mama, Kamembe, na mama alikuwa ameshawatangazia wanawake wote anaovuka nao mpaka wa Rusizi ya Kwanza kila asubuhi kwenda sokoni kwamba mtoto wake ni mwalimu. Hakusema anasomea ualimu, alisema ni mwalimu! Nilipomwambia, "Maman, mimi bado sijapita," alinijibu bila kuinua macho kwenye sufuria, "Basi pita, uniondolee haya."

Sisi ni Wanyarwanda wa kukulia Kongo. Nimezaliwa Bukavu, na tuliporudi upande huu nilikuwa mtu mzima tayari, na Kiswahili changu ni cha sokoni. Tangu nikiwa na miaka minane nilikaa na mama kwenye meza yake ya unga wa mihogo, nikifunga vifuko na kusikiliza midomo ya watu. Pale nilijifunza kutania, kukataa, kusifu kitu kibovu bila kucheka. Nilijifunza pia matabishi, lile konzi la ziada ambalo muuzaji anamwongezea mteja kwa moyo wake ili kesho arudi. Mama alikuwa mkarimu wa matabishi. Pembeni yetu, chini kabisa, walikaa wanawake wa visiwani na mabeseni yao ya sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwani, wakiongea Kihavu chao taratibu, na sisi tukiongea yetu juu ya vichwa vyao.

Basi mkaguzi wa staji yangu ya kwanza aliandika kwamba nawasemesha wanafunzi kana kwamba nauza nyanya. Unga, Mzee, siyo nyanya, lakini sikumwambia. Nililia siku mbili, halafu nikakasirika, na hasira ndiyo iliyonirudisha chuoni.

Shule niliyopangiwa mara ya pili iko juu ya kilima. Ukisimama mlangoni mwa darasa unaliona ziwa lote upande ule, na kisiwa cha Nkombo kimelala katikati. Mwalimu mlezi wangu, yaani yule mwenye darasa ambaye wewe unaazima wanafunzi wake, alikuwa mama wa makamo kutoka Nkungu, mkulima kwanza, mwalimu baadaye. Wakati wa mapumziko alipukuchua maharagwe kwenye kanga yake huku akisahihisha madaftari, na sikuwahi kuona kosa limempita wala haragwe limeanguka. Nilimwita Maman, naye aliniita "wewe" wiki mbili nzima. Wiki ya tatu akaanza kuniita "mwanangu," nikajua nimekubalika.

Mkaguzi alituma habari kwamba atakuja Alhamisi. Jumatano asubuhi Maman akaniuliza, "Umeshapika?"

"Nipike nini, Maman?"

"Ee Mungu wangu. Mwanangu, wewe umetoka wapi? Kila mtu anapika. Mimi mwenyewe nilipika, na mkaguzi wangu alisifu mpaka akapiga makofi." Akakunja kanga yake na maharagwe yake. "Chukua saa yangu ya leo pia. Nenda."

Nikapika. Somo lilikuwa la mazungumzo, umuhimu wa Kiswahili katika eneo letu, na fishi yangu, karatasi ya maandalizi ya somo, ilikuwa na maswali kumi na mawili upande wa kushoto na majibu yake upande wa kulia. Nikawagawia, kila mtu na lake. Swali la nne ndilo lililokuwa na jibu refu, kwa hiyo nililipeleka kwa msichana mmoja wa dawati la tatu karibu na dirisha, wa miaka kumi na minne hivi, mwembamba, mwenye kumbukumbu ya ajabu. Yeye alitoka Nkombo kila asubuhi kwa boti. Swali lilikuwa, "Kwa nini tunajifunza Kiswahili?" na jibu lake, kama nilivyoliandika mwenyewe nikijiona msomi, lilikuwa: "Tunajifunza Kiswahili ili tuelewane na majirani zetu wa ng'ambo ya ziwa katika biashara, katika afya na katika maisha ya kila siku."

Alilirudia mara mbili bila kosa. Halafu akauliza, "Madamu, na nikisahau?"

"Ukisahau," nikamwambia, "mimi naanguka staji, narudi kwa mama yangu kufunga vifuko vya unga."

Darasa zima lilicheka, isipokuwa yeye. Aliandika jibu lake kwenye kiganja, akakifunga.

Alhamisi kulipambazuka na upepo. Nilivaa kitenge nilichoshonewa kwa ajili ya siku hiyo, nikafika kabla ya kengele, nikaandika tarehe ubaoni kwa mwandiko ambao sijawahi kuwa nao kabla wala baada. Mkaguzi aliingia na begi lake la ngozi, mzee mrefu mpole wa sauti, akakaa nyuma. Kushoto kwake wakakaa wenzangu wawili wa staji, kulia kwake Maman. Niliona kwamba dawati la tatu karibu na dirisha lina nafasi moja wazi. Nikajiambia, atafika. Moyo ukanijibu kitu kingine, nikaunyamazisha.

Swali la kwanza lilikwenda kama maji. La pili, la tatu, mikono juu, sentensi safi, mpaka mimi mwenyewe nilianza kuamini. Mkaguzi anaandika, anatikisa kichwa. Nikapiga hatua mbili mbele, kama nilivyofanya jana yake, nikauliza, "Kwa nini tunajifunza Kiswahili?"

Kimya. Hakuna mkono hata mmoja. Darasa zima likageuza shingo, kwa pamoja, likaitazama ile nafasi iliyo wazi karibu na dirisha.

Nikarudia swali kwa sauti ya kubembeleza.  Ndipo kiongozi wa darasa, mtoto mwenye adabu kuliko wote, akasimama, akaunganisha mikono nyuma, akasema waziwazi, "Madamu, mwenye jibu hajafika."

Na jirani yake, ili kunisaidia: "Ni boti, Madamu. Iko upepo."

Kalamu ya mkaguzi ilisimama. Niliona hivyo kwa sababu nilikuwa siangalii kitu kingine.  Kwa kutapatapa nikamnyooshea kidole msichana wa dawati la mbele: "Haya, wewe, jibu wewe."

Akasimama, akanitazama kwa huruma ya kweli. "Mimi niko na la saba."

Jamani! Ardhi haipasuki ukiitaka ipasuke. Nilirukia swali la tano, lakini watoto walikuwa wameshapoteza hesabu. Wa la sita alijibu la tano, wa la tano akakasirika, na wa la tisa, kwa hofu ya kusahaulika, akasimama akalitoa la kwake lote kabla sijauliza. Wenzangu wa staji waliinamisha vichwa wakitazama viatu vyao. Wao walikuwa wamepika vilevile, zamu zao zilikuwa alasiri.

Tulipokuwa tunajikokota kwenye swali la nane mlango ukafunguka. Yule msichana wa Nkombo alikuwa amesimama pale, viatu mkononi, sketi imelowa mpaka magotini, anahema. Hakusalimu, hakuomba ruhusa. Alifumba macho akasema kwa pumzi moja: "Tunajifunza Kiswahili ili tuelewane na majirani zetu wa ng'ambo ya ziwa katika biashara katika afya na katika maisha ya kila siku."

Darasa lililipuka kwa makofi. Mungu anisamehe, na mimi nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika meza. Nilikuwa nimeshapoteza staji, nikaona nisipoteze na kicheko.

Baada ya somo huwa kuna kritiki. Mnakaa kwenye chumba cha walimu, na aliyefundisha ndiye anayeanza, anajikosoa mwenyewe mbele ya wote. Wenzake wanafuata, na desturi ya wenzake ni kutafuta makosa madogo yasiyoumiza. Nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa kusema mambo ya zana na muda, lakini ulimi ulikataa.

"Mzee, somo hili nililifundisha jana. Niliwagawia majibu. Nilifanya hivyo kwa sababu naogopa kuanguka mara ya pili. Kosa ni langu peke yangu."

Nikakaa. Mwenzangu wa kwanza akasafisha koo, akasema kwamba mstari wangu ubaoni ulielekea juu kidogo. Wa pili akasema sauti ilikuwa nzuri. Halafu Maman akaweka chini kanga yake ya maharagwe, akainuka.

"Mzee, asikudanganye. Chungu nilimpa mimi, na kuni nilimpa mimi."

Mkaguzi alituangalia mmoja mmoja. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, nikaona kumbe mzee anacheka, anacheka kwa muda mrefu na bila sauti. "Nimekagua miaka mingi," alisema alipopangusa macho. "Sijaona somo ambalo halikupikwa. Leo ndiyo nimeona chungu kikipinduka." Akafunga daftari. "Lakini siwezi kukupa alama kwa kitu nilichokiona. Nitarudi. Siku siisemi. Nikikuta unafundisha, utapita. Nikikuta unapika tena, utakwenda kwa mama yako."

Kwa hiyo nilikuwa sijaanguka na sijapita. Nilitoka nje nimechoka kama mtu aliyebeba mzigo mpaka mlangoni akaambiwa nyumba si hii. Yule msichana alikuwa ananisubiri kwenye ngazi. Sketi ilianza kukauka.

"Madamu, nililisema vizuri?"

"Ulilisema vizuri sana."

"Nililisema boti yote, nisilisahau. Maji yalifuta yale ya mkononi. Watu wote wa boti sasa wanalijua." Akakifunga kiganja. "Madamu, umeanguka?"

"Bado. Mzee atarudi." Halafu, sijui kwa nini, labda kwa kuwa kwa mara ya kwanza nilikuwa nataka kujua, nikamuuliza lile swali tena. "Na wewe mwenyewe, siyo la kwenye fishi. Kwa nini unajifunza Kiswahili?"

Alitazama ziwa. "Mama yangu anauza sambaza Bukavu. Haelewi Kiswahili. Wanawake wa kule wanasema kitu, wanacheka, halafu wanatia mkono kwenye beseni wanajichukulia matabishi wenyewe. Mama anacheka nao, kwa sababu hajui wanacheka nini. Mimi nataka kujua wanasema nini."

Nilikaa chini kwenye ngazi. Nilijua wanasema nini. Nilijua neno kwa neno, na sauti yake, na kile kicheko. Nilikuwa na miaka kumi, kumi na miwili, na mkono wangu ulikuwa mdogo lakini uliingia kwenye mabeseni yale kama ya wengine, na nikirudi mezani na konzi langu watu wazima walinisifu kwamba nina akili. Matabishi hupewa. Tuliyokuwa tunachukua yalikuwa na jina lingine, na niliona haya kiasi cha kushindwa kumtazama yule mtoto usoni.

Nyumbani nilimkuta mama anaosha vyombo, nikamsemesha kwa Kiswahili chetu cha Bukavu. "Maman, unakumbuka bale ba maman ba sambaza, kule soko? Tulikuwa tunabasema."

"Ah, ile ilikuwa mchezo. Habakuwa banasikia."

"Batoto babo banasikia, Maman. Ninabafundisha."

Aliendelea kuosha sahani ileile kwa muda mrefu. Hakuniuliza mkaguzi alisema nini, nami sikumwambia.

Wiki iliyofuata nilisali mkaguzi aje, nikasali asije. Jumanne nilifika darasani bila maswali kumi na mawili. Nilikuwa nimemwomba yule msichana aje na beseni la mama yake na sambaza kidogo, naye alivibeba mpaka dawatini kama mtu aliyebeba mtoto mchanga, na darasa zima likanuka samaki. Nikawaambia wanafunzi ukweli, kwamba mimi nimekulia sokoni Bukavu, kwamba Kiswahili cha kitabu tutakisoma na mtihani mtaushinda, ila leo nitawaonyesha kile ambacho watu wanasema wakidhani huwasikii. Hakuna aliyepewa jibu. Hakuna aliyejua nitasema nini, hata Maman kule nyuma, ambaye kwa mara ya kwanza hakupukuchua kitu.

Msichana akakaa chini sakafuni, beseni mbele yake. Nikamchukua kiongozi wa darasa awe shoga yangu wa kutembea naye sokoni. Tulikuwa ndio tunaanza mlango ulipofunguka, mzee mrefu akaingia na begi lake la ngozi, akaenda nyuma akakaa.  Ningeweza kugeuka, kuchukua kitabu, kufungua ukurasa wa mazungumzo ya sokoni ambayo muuzaji na mteja wanaitana ndugu. Nilimwona yule msichana ananisubiri pale chini. Nikaendelea.

Nikaweka mkono kiunoni kama tulivyokuwa tunaweka. Nikamwambia shoga yangu, juu ya kichwa cha muuzaji, kwa sauti ileile ya zamani ambayo nilidhani imeniacha: "Tia mukono tu, chukua. Huyu wa kisiwa hasikiake kitu. Angalia vile anakaa, kama gunia." Nikacheka. Nikaingiza mkono kwenye beseni.

 Palikuwa kimya kama kile cha swali la nne, na nilihesabu pumzi zangu ndani yake. Halafu msichana akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu, akaubana pale ndani ya sambaza, akaniangalia.

"Nasikia, Maman," alisema. "Nimesikia yote. Mimi si gunia. Toa mukono, omba, nitakupa."

Hakuna aliyemfundisha. Darasa halikupiga makofi, nadhani walisahau. Nikatoa mkono. Ningepaswa kusema neno la mteja, kuendeleza mchezo, lakini lililotoka ni hili: "Unisamehe, Maman. Nilikuwa nadhani hausikii." Wanafunzi walifikiri ni sehemu ya somo, wakaanza kucheka na kunyoosha mikono, kila mmoja akitaka kuwa muuzaji, na saa iliyobaki ilikwenda kwa kelele kiasi kwamba mwalimu wa darasa la jirani alikuja kuchungulia.

Kwenye kritiki nilisimama kujikosoa, nikasema kelele zilizidi na ubao sikuutumia. Mkaguzi aliuliza jambo moja tu.

"Yule mteja. Ulimtoa wapi?"

"Ni mimi, Mzee. Nilivyokuwa."

Aliandika kwa muda, akakata karatasi, akanipa. Nilikuwa nimepita. Maman alipiga kigelegele kifupi, akakibana kwa kanga, na maharagwe yakamwagika yote sakafuni. Tukapiga magoti kuyaokota, mkaguzi pia.

Jioni niliposhuka kilima yule msichana alinikimbilia njiani kabla ya kugeuka kwenda kwenye boti. Alikuwa amefunga sambaza zake kwenye karatasi ya daftari, kifurushi kidogo, mafuta yameanza kupenya.

"Za mama yako, Madamu," alisema. "Ni matabishi."

Nilizibeba mpaka Kamembe. Mama alikuwa mlangoni, ameshajua, kwa sababu mji wetu ni mdogo na midomo yake ni mikubwa. "Umepita!" Alinikumbatia, akaniachia, akanusa. "Na hiyo?"

"Matabishi. Maman mmoja wa Nkombo ndiye mwenye sambaza. Amekutumia, kwa mkono wa mtoto wake."

 Mama alijifuta viganja kwenye kitenge, kimoja halafu kingine, akapokea kile kifurushi kwa mikono miwili.